Taa ya LED kwa mimea minne ndani ya hema: wati ngapi, na naitundika vipi?

Mgosi_Hamilton

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada wenu hasa mlioko Kanada na Ulaya ambako hii kitu ni halali. Niko Hamilton, Ontario, nimepanga besimenti, mwenye nyumba tumeshakaa tukaongea na amenipa ruhusa kwa maandishi kuotesha bangi kwa matumizi yangu mwenyewe, kwa hiyo kwenye sheria na kwenye mkataba niko sawa, mimea minne kwa nyumba ndio mwisho na mbegu nachukua duka lenye leseni.

Kinachonitoa jasho ni taa. Hema ninalo tayari, sentimita 120 kwa 60, kwenda juu ni 180, ndani lina ile karatasi ya kung'aa. Sasa nikiingia mtandaoni naona taa imeandikwa wati 1000 bei ya kutupa, pembeni yake kuna nyingine imeandikwa wati 240 na bei yake ni mara tatu ya ile ya kwanza, mtu unajiuliza huyu wa 240 anauza nini hasa? Afu kuna zile za mwanga wa zambarau na kuna nyeupe kama za ofisini, kila muuzaji anaapa kwamba yake ndio mimea inaipenda.

Nataka kujua nichukue wati ngapi kwa hema langu, ni bora taa moja kubwa ya katikati au mbili ndogo, niitundike umbali gani kutoka kwenye majani na nibadilishe lini, na bili ya umeme itasemaje maana mwenye nyumba tumekubaliana umeme wa hema nalipa mimi. Nisiogopesheni na maneno makubwa, ila kama kuna hesabu nipeni hesabu, nitaifuata.

FundiStima_TO

Mgosi karibu, mimi ni fundi wa stima hapa Toronto na hizi taa nimezifungia watu kadhaa kwa hivyo wacha nianze na wati.

Hiyo namba 1000 ifute kabisa kichwani. Wanachofanya ni kuhesabu dayodi, yaani vile vitaa vidogo vidogo vya LED, mfano ziko 100, kila moja kiwandani imeandikwa ina uwezo wa wati 10, wanazidisha wanapata 1000, lakini hakuna mtu anaziendesha hizo dayodi kwa nguvu yote, zingeungua. Ukiichomeka kwenye kipimo cha ukutani unakuta inavuta wati 100 na kitu tu. Kwa hivyo unapotafuta taa, shuka chini kwenye maelezo utafute umeme inaovuta kutoka ukutani, na kama muuzaji hajaandika hiyo namba mahali popote, funga huo ukurasa uendelee na maisha.

Namba ya pili ni ya ubora, inaandikwa mikromoli kwa jouli, yaani kwa kila jouli ya umeme unayoilipia taa inakupa mwanga kiasi gani ambao mmea unaweza kuutumia. Taa nzuri za sasa zinatoa 2.5 hadi karibu 3. Zile za zambarau za bei rahisi nyingi ziko karibu na 1 na kidogo, na taa za sodiamu za zamani, zile za mwanga wa chungwa, hata zile bora kabisa zilikuwa kama 1.7. Hapo ndio unaona huyo wa wati 240 anauza nini, umeme kidogo mwanga mwingi.

Sasa hesabu yako. Hema ni mita 1.2 kwa 0.6, hiyo ni mita za mraba 0.72. Bangi ikiwa kwenye maua inataka kama mikromoli 700 kwa kila mita ya mraba kila sekunde, zidisha na 0.72 unapata 504. Gawanya kwa 2.5 ya ubora wa taa, unapata wati 200 hivi. Mwanga mwingine unapotelea kwenye kuta na sakafu kwa hivyo ongeza kidogo, 240 inakutosha vizuri na unabaki na nafasi ya kupunguza. Mtu mwenye hema la 60 kwa 60 achukue 100 hadi 120, mwenye 120 kwa 120 achukue 400 na kitu. Hesabu ni hiyo hiyo.

Stima yenyewe sio shida. Wati 240 kwa volti 120 za huku ni ampea 2 tu, laini ya kawaida ya ampea 15 unaruhusiwa kuipakia 12 kwa kazi ya masaa mengi. Shida ni kama kwenye laini hiyo hiyo kuna hita ya wati 1500, hiyo peke yake imemaliza kila kitu, na besimenti baridi ikija watu wanachomeka hita bila kuuliza, kwa hivyo fuatilia kwanza hiyo soketi inatoka kwenye swichi gani. Chukua taa yenye alama ya usalama wa umeme ya Kanada, yaani CSA, au UL au ETL yenye herufi c ndogo pembeni, bima ya nyumba itauliza hiyo kitu siku moto ukitokea. Waya wa taa uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kisha upande juu kuingia, ndio maji yakitiririka kwenye waya yadondoke chini badala ya kuingia kwenye soketi. Na usiweke soketi ya nyongeza sakafuni kwenye hema ambalo unamwagilia maji ndani yake!! Ifunge juu ukutani. Hiyo nimeiona kwenye nyumba za watu mara nyingi na inanikera kwa sababu ni screw mbili tu.

Binti_Shamba

Fundi umemaliza upande wa umeme, mimi naongezea upande wa mmea. Nafanya kazi kwenye greenhouse za mboga hapa Leamington, nyanya na pilipili hoho, na kwenye mwanga bangi haitofautiani sana na nyanya, zote zinapenda mwanga mwingi.

Kaka Mgosi kuhusu rangi, chukua nyeupe. Wazo la zambarau lilitokana na kwamba klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ukiipima peke yake kwenye chupa inanyonya zaidi nyekundu na bluu, watu wakasema basi kijani haina kazi tusiiwashe. Lakini jani zima sio klorofili kwenye chupa. Mtafiti McCree alishapima majani ya mazao mengi mwaka 1972 akakuta mwanga wote kati ya nanomita 400 na 700 unafanya kazi, kijani nayo, na hiyo kijani inapenya ndani zaidi ya jani kuliko nyekundu. Taa nzuri sasa ni dayodi nyeupe, kwenye karatasi wanaandika 3000K au 3500K, hiyo ni namba ya rangi ya weupe wake, zikiongezewa nyekundu za nanomita 660. Ukiona dayodi ni Samsung za familia ya LM301 na draiva, kile kifaa kinachoilisha taa umeme, ni Mean Well hayo ni majina ya kuaminika, ingawa wapo wengine wazuri pia. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, chini ya mwanga wa zambarau huwezi kuona jani likianza kuwa njano, huoni utitiri, huoni ukungu, kila kitu ni zambarau. Mkulima asiyeona majani yake analima gizani.

Sasa moja kubwa au mbili ndogo. Kwa hema lako la mstatili, mbili za wati 120 kila moja, bila kufikiri mara mbili. Taa moja ya mraba ukiitundika katikati ya sentimita 120, mmea wa katikati unaungua huku wa pembeni unanyoosha shingo kutafuta mwanga. Mbili unaziweka kila moja katikati ya nusu yake, afu unazisogeza kidogo kuelekea kwenye kuta za mwisho, kwa sababu pale katikati mwanga wa zote mbili unakutana na kujumlishana. Kama pesa inaruhusu chukua ile ya fito, ile yenye mikono mirefu myembamba minne au sita, hiyo inatandaza mwanga vizuri zaidi na unaweza kuishusha karibu na mimea.

Umbali unategemea mmea uko hatua gani, na jua kwamba una silaha mbili, kamba ya kupandisha na kitufe cha kupunguza mwanga, usitegemee moja tu. Miche iliyotoka kuota inataka mikromoli 150 hadi 250 tu, weka taa sentimita 60 juu yake na upunguze hadi robo ya nguvu. Ikishakuwa na majani ya kutosha panda taratibu 300 hadi 600, nusu ya nguvu hadi robo tatu. Kwenye maua 600 hadi 900 na hapo taa inakuwa sentimita 35 hadi 45 kutoka kwenye vichwa. Kupita 1000 bila kuongeza hewa ya kaboni dioksidi ni kuchoma pesa, mmea hauwezi kuutumia huo mwanga wote. Watu wa nyumbani wanasema mbona jua la saa sita mchana Dodoma linafika karibu 2000 na mimea inaishi, sawa, lakini inafika hapo kwa muda mfupi, asubuhi na jioni ni kidogo, taa yako wewe inapiga kiwango kile kile tangu inawaka hadi inazimwa.

Ndio maana sisi kazini hatuangalii mikromoli peke yake, tunaangalia jumla ya siku nzima. Chukua mikromoli zidisha na masaa zidisha na 0.0036. Mmea wa majani wa 300 kwa masaa 18 ni kama moli 19 kwa siku. Maua ya 700 kwa masaa 12 ni kama 30. Ukiona hivyo unaelewa kwanini ukibadilisha kutoka masaa 18 kwenda 12 ili mmea utoe maua lazima uongeze nguvu ya taa, usipoongeza mmea unaingia kwenye maua ukiwa umepunguziwa chakula.

Lingine ni urefu. Una 180 kwenda juu. Toa 20 ya taa na kamba zake, toa 40 ya nafasi kati ya taa na vichwa, toa 30 ya ndoo, umebaki na 90 ya mmea mzima. Ukishabadilisha masaa mmea unarefuka karibu mara mbili kwenye wiki mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo geuza kwenda 12 ukiwa na sentimita 40 au 45, usisubiri. Na kwa ushauri wangu hapo ndani weka miwili. Sheria inasema hadi minne, haijasema lazima minne, na miwili iliyokunjwa vizuri ikajaza hema inakupa sawa na minne iliyobanana, tena hewa inapita.

Jirani_wa_Rhein

Habari zenu wadau, hapa Cologne tunaruhusiwa mimea mitatu kwa kila mtu mzima tangu tarehe 1 Aprili 2024. Nakubaliana na dada kwa kila kitu, hasa hilo la fito, mimi ninayo kwenye hema la 80 kwa 80 na majani ya pembeni yako sawa na ya katikati.

Naongeza joto. Wengi wanasoma maelekezo ya zamani ya taa za sodiamu yanayosema chumba kiwe nyuzi 24. Taa za sodiamu zilikuwa zinapiga joto moja kwa moja kwenye jani, LED haifanyi hivyo sana, jani linakuwa baridi kuliko lilivyokuwa chini ya sodiamu hata kama hewa ni ile ile. Kwa LED peleka chumba 26 hadi 28 wakati taa inawaka, utaona mmea unakunywa maji na zile dalili ambazo kila mtu anasema ni upungufu wa kalsiamu zinapungua. Besimenti ya Kanada wakati wa baridi utahitaji hiyo. Draiva kama ina waya mrefu iache ndani ya hema msimu wa baridi ikusaidie joto, ikifika Julai itoe nje.

mtoto_wa_Likoni

Samahanini naomba niseme kidogo kwa vijana wanaosoma hapa wakiwa nyumbani. Kenya hii kitu ni kosa kwa sheria ya 1994 na Tanzania kwa sheria ya 2015, na kifungo chake si cha mchezo. Kuna ndugu zangu wameharibikiwa maisha kwa mche mmoja nyuma ya nyumba. Haya mambo ya hema na taa mwachieni aliyeko kwenye nchi iliyoruhusu. Wengine hesabu hizo hizo zitumieni kuoteshea miche ya nyanya, zinafanya kazi vilevile.

Mgosi_Hamilton

Kweli kabisa ndugu yangu wa Likoni, asante kwa kukumbusha.

Fundi na Dada nimewaelewa vizuri mno. Nitachukua mbili za wati 120 zenye kitufe cha kupunguza. Swali, hizo mikromoli napimaje? Mashine yake nimeona bei nikafunga simu. Na taima niipange saa ngapi?

Kaka_Montreal

Nimekaa pembeni nasoma, na mimi nataka kuanza hapa Montreal, hema la 60 kwa 60. Nina shangazi Iringa anaweza kunitumia mbegu za kule.

Binti_Shamba

Kaka Montreal simama hapo hapo. Quebec hairuhusu hata mmoja. Sheria ya Kanada inasema minne lakini Quebec ilikataza kuotesha nyumbani na Mahakama ya Juu ya Kanada ikathibitisha mwaka 2023 kwamba wana haki hiyo. Usinunue kitu. Na mbegu kutoka nje kwa posta ni kosa mkoa wowote, muache shangazi kwa amani. Tena aina za ukanda wetu zimezoea siku ya masaa 12 mwaka mzima, zinachukua muda mrefu sana kumaliza maua na zinakwenda juu hadi zinagonga dari, kwa hema la 180 ni mateso.

Mgosi, pakua app ya kupimia mwanga kwenye simu, Photone ni mojawapo, kata kipande cha karatasi nyeupe ya kawaida uzibe nacho kamera ya mbele kama wanavyoelekeza, usiipuuze hiyo karatasi, bila hiyo namba zinarukaruka. Kama una app ya luksi tu, kwa taa nyeupe gawanya luksi kwa 65 hivi, mfano luksi 40,000 ni kama mikromoli 615. Sio kipimo cha maabara ila kinakuonyesha wapi kuna mwanga na wapi hakuna, na hicho ndicho unachokitafuta. Pima usawa wa vichwa vya mimea, usipime sakafuni. Chora mstatili kwenye karatasi, pima sehemu nyingi, kona zote nne, katikati, na chini ya kila taa, uandike.

FundiStima_TO

Taima sasa, hapa Ontario una bahati. Kama bili yako ni ile ya bei kwa saa, bei ya chini kabisa siku za kazi inaanza saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, masaa 12 kamili, na wikendi ni siku nzima. Maua yanataka masaa 12 ya mwanga. Washa saa moja jioni zima saa moja asubuhi, umemaliza, na joto la taa linakuja usiku wakati besimenti ndio baridi zaidi. Kuna mpango mwingine wa bei ya usiku wa manane, saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, huo ni rahisi zaidi kwa hayo masaa manane lakini jioni unakugonga vibaya, ukiwa unapika na kufua jioni hautakufaa.

Kiasi chenyewe, wati 240 kwa masaa 12 ni yuniti 2.88 kwa siku, kama 86 kwa mwezi. Kwenye kipindi cha majani ukiwa nusu ya nguvu kwa masaa 18 ni 2.16 kwa siku. Feni ni kidogo. Angalia bei ya yuniti kwenye bili ya mwenye nyumba uzidishe, na ukitaka mambo yawe wazi kati yenu weka kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinasoma yuniti zenyewe, kila mwezi mnasoma pamoja.

Binti_Shamba

Naongezea kwa hiyo ratiba ya Fundi. Taa ikizimwa mchana maana yake hema lazima liwe giza tupu mchana. Taa ikiwa imezimwa ingiza kichwa ndani, funga zipu hadi shingoni, ukae hapo mpaka macho yazoee, ukiona nukta ya mwanga kwenye zipu au kwenye tundu la bomba la hewa ziba kwa tepu nyeusi. Hata kile kitaa kidogo cha kwenye soketi ya nyongeza kifunike. Mmea wa maua ukikatizwa giza usiku wake unaweza kutoa maua ya kiume na ya kike kwa pamoja ukajichavusha, unavuna mbegu.

Mgosi_Hamilton

Wakuu nimerudi. Taa zimefika, nimefunga kwa zile kamba zinazojikaza, kila moja katikati ya nusu yake. Mimea ni miwili kama Dada alivyosema, iko sentimita 30 sasa. Nimepima na simu na karatasi, taa ziko sentimita 45 juu, nguvu yote ili nione zinafika wapi. Chini ya kila taa napata kama 850, katikati kabisa kati ya taa mbili 900, kona zote ziko kati ya 400 na 450. Hizo kona ndio zinanipa wasiwasi. Na kuna majani ya juu kwenye mmea mmoja yanajikunja kingo kwenda juu kama mtumbwi, nishushe au nipandishe?

Binti_Shamba

Hongera, vipimo vyako ni vizuri na nimefurahi umeandika.

Kwanza majani. Hiyo kujikunja ni mwanga au joto limezidi, na mmea wa sentimita 30 haujafika kwenye 850. Usipandishe taa, punguza kwa kitufe hadi nusu, utakuwa na 400 na kitu, uache siku tatu nne uangalie majani mapya, yale yaliyokwisha jikunja hayarudi yote usiyahangaikie. Ukija kuona vichwa vya maua vimepauka na kuwa vyeupe hiyo nayo ni mwanga umezidi, sio upungufu wa mbolea, watu wengi wanaongeza mbolea hapo na kuharibu zaidi.

Kona kuwa nusu ya katikati ni kawaida kwa taa mbili za bapa, ila hapo katikati 900 kuzidi chini ya taa zenyewe maana yake zimekaribiana. Sogeza kila moja sentimita 5 hadi 8 kuelekea ukuta wake wa mwisho. Katikati itashuka, kona zitapanda, pima tena. Afu angalia kuta za hema, kama zimebonyea ndani kwa sababu feni inavuta hewa kwa nguvu, punguza feni au ongeza tundu la kuingizia hewa, karatasi ya kung'aa iliyonyooka inarudisha mwanga vizuri kwenye kona. Ukifikisha 500 kwenye kona simama hapo, maana hupandi kitu kwenye kona, unapanda miwili, kila mmoja chini ya taa yake, matawi unayalaza kwa kamba yaelekee nje ili vichwa vyote viwe usawa mmoja.

FundiStima_TO

Na ukishasogeza hizo taa hakikisha kila moja imeshikwa na kamba mbili kwenye vyuma viwili tofauti vya hema, usitundike zote kwenye chuma kimoja cha katikati. Soma maandishi ya hema uone limeandikwa kubeba kilo ngapi, kichujio cha kaboni, kile cha kuondoa harufu, peke yake ni kizito kuliko taa zako mbili.

Mgosi_Hamilton

Nimesogeza sentimita 7 kila upande na feni nimeipunguza. Kwa nguvu yote katikati 780, chini ya taa 820, kona 480 hadi 510. Nimerudisha nusu ya nguvu kama ulivyosema Dada. Vyuma ni viwili Fundi, na kichujio nimekihamishia nje ya hema.

Binti_Shamba

Hapo sawa. Ukifika sentimita 40 geuza masaa, na mwanga upandishe kidogo kidogo ndani ya wiki mbili mpaka 700 hadi 800, usiruke siku moja.